Nilimfufua Mtu wa Kwenye TV, Mamangu Akachukua Jembe

Nimekosa, na msinitafutie kisingizio. Huu mdomo wangu ulikaribia kufukua kaburi la ndugu yangu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne shule ya ngumbaru, ile ya watu wazima, hapa Kitui, jioni baada ya kibarua, na tangu hapo Kiingereza changu kinaweza kumtoa balozi jasho! Kwa hivyo nikienda nyumbani Kikima, kazi ya kumtafsiria Mwaitu, mama yangu, vipindi vya TV ilikuwa yangu. Naongeza chumvi gunia zima, anacheka mpaka leso inaanguka.

Kisha Mutua, ndugu yangu mkubwa, akaungua ndani ya lori pale Kambu. Jeneza lilifika limepigwa misumari. Mwaitu hakumwona uso. Akaacha kucheka.

Kitu pekee alichokubali ni ile tamthilia ya watu wanaoishi ndani ya chombo huko angani. Kapteni ni mwanamke, ndugu yake ni fundi. Jumapili moja chombo kikashika moto, fundi akajifungia upande wa moshi ili wenzake wapone. Akafa. Waziwazi!

Mwaitu akanishika mkono. "Wanasema nini? Amekufa?"

Woi! Ningesema nini?

"Hapana, Mwaitu. Wamezika sanduku tupu. Yeye yuko nyota nyingine, ameganda kama samaki wa friji. Atarudi."

Akacheka! Mara ya kwanza tangu mazishi. Nikajiona daktari bingwa. Kila Jumapili nikaongeza: leo ametuma salamu, leo amepata njia.

Kumbe Mwaitu anahesabu mambo mengine. Akakataa nguo za Mutua zigawiwe. Nikavaa koti lake, akafoka, "Vua! Akuje akute nini?" Nikadhani ni uchungu tu.

Jumatatu moja asubuhi, kabla sijarudi Kitui, nikasikia jembe nyuma ya nyumba. Nikatoka mbio. Msalaba wa kaburi la Mutua ulikuwa umeng'olewa.

"Mwaitu! Unafanya nini?"

"Nataka kuona kama ni sanduku tupu. Si wewe ulisema watu hufanyanga hivyo?"

Nikashika mpini. Akavuta. Nguvu za kuvuta trekta!

"Hiyo ni TV, Mwaitu! Na hata kwa TV alikufa. Nilikudanganya."

Akaachilia. "Yule fundi alikufa?"

"Alikufa."

"Na Mutua?"

Hapo chumvi ikaniishia. "Alikufa. Mimi ndiye niliyemtambua mochari. Nilimwona."

"Ulimwona, na ukaniacha nikimngoja?"

Akakaa juu ya udongo, akalia kana kwamba habari imefika sasa hivi. Halafu akasema bila kunitazama, "Nimefiwa na huyu mtoto mara mbili. Mara ya kwanza sikuwa na wa kulaumu."

Siku hizi TV imefunikwa kitambaa. Nikifika napewa chai kwa kikombe cha wageni. Nikianza stori ya Kitui, hata ya mvua, ananikatiza: "Hiyo ni ya ukweli?"

Ninyi mnaowatafsiria wazazi, ongezeni chumvi kwa harusi, kwa vita, hata kwa busu! Lakini ukiketi na aliyefiwa, na mtu afe hapo mbele yenu, sema amekufa. Kisha zima TV, ukae naye.