Mejumaa Asiyekisia

Kama hujawahi kumwona Mejumaa kazini, umekosa uhondo. Ni karani wa mizani ya malori kule Shimanzi, mwembamba, mpole wa sauti, na madereva wababe humnyenyekea. Kwa miaka kumi na mmoja hajaandika uzito ambao kioo cha mizani hakikuuonyesha. Kioo kikizimika, lori lirudi nyuma lipande upya. Ufoke, ubembeleze, hakusikii.

Ukaidi huohuo ndio uliotaka kumtoa chuoni. Alikuwa akisomea uhandisi kila Jumamosi huko Ganjoni, na mtihani wa vikomo, yaani hesabu ya kutafuta namba ambayo jibu huikaribia, ulikuwa umemwangusha mara mbili. Akianguka mara ya tatu, nafasi yake imekwenda.

Swali lenyewe: x mraba toa tisa, gawanya kwa x toa tatu; x ikikaribia tatu, jibu linakaribia ngapi? Mejumaa aliweka tatu, akapata sifuri juu, sifuri chini. Akaandika kwamba jibu hakuna.

"Pale penye tatu hakuna, kweli," alisema mwalimu wake, Bwana Kyalo. "Lakini nimekuuliza linaelekea wapi."

"Huko si ndiko kukisia, mwalimu? Mimi sikisii."

"Basi usikisie, mama. Pima karibu yake, pande zote mbili."

Alinuna, lakini akapima. Kwa 2.9 akapata 5.9, kwa 2.99 akapata 5.99. Akaja upande wa pili: 3.1 ikatoa 6.1, na 3.01 ikatoa 6.01. Sita haikuonekana popote, na bado hapakuwa na namba nyingine ya kuandika. Alifurahi hadi akaona haya.

Siku ya mtihani, swali la mwisho lilikuwa fupi: ukubwa wa x bila kujali alama yake, gawanya kwa x, x ikikaribia sifuri. Wenzake walijaribu namba chanya tu, wakaona moja, moja, moja, wakainuka kwenda zao. Mejumaa alibaki. Alipima kulia, akapata moja. Alipima kushoto, akapata hasi moja. Alirudia mara nne, kwani jibu la namna hii ndilo lililomponza mara mbili. Hatimaye akaandika kwamba kikomo hakipo, na chini yake akaonyesha pande zote mbili.

Matokeo yalipobandikwa, darasa zima ni yeye peke yake aliyelipata swali hilo. Mejumaa aliketi kwenye ngazi za chuo akalia kwa sauti, bila kujali nani anapita, kisha akajifuta uso na kuingia ofisini kujiandikisha mwaka wa pili.