Majirani Aliowataja Laurenti

Zamda Kibwana, fundi wa mitandao ya kompyuta, aliitwa Handeni asubuhi moja ya kiangazi, kwenye hospitali ndogo ambako majibu ya maabara yalikuwa hayafiki wodini kwa kompyuta. Ilikuwa siku ya tatu wauguzi wakiyabeba mkononi. Fundi aliyetandaza nyaya za mtandao, Laurenti, alifariki mwaka juzi bila kuacha mchoro. Aliyempokea Zamda alikuwa mjane wake, mama Elina, mtunza mafaili wa hapo.

"Hata mimi hakunionyesha zilikopita," alisema.

Zamda akaketi sakafuni, akaunga kompyuta yake kwenye swichi ya kwanza, kile kisanduku kinachokutanisha nyaya za mtandao, akaiuliza swichi majirani zake ni akina nani. Kazi hiyo aliipenda tangu chuoni. Kila nusu dakika chombo humtajia jina lake yule tu aliyeungana naye kwa waya. Na jirani akikaa kimya dakika mbili, jina lake hufutwa. Nje jua lilikuwa limetulia juu ya mabati, na sauti za wodini zilimfikia kama zimepita majini.

Swichi ikajibu kuwa jirani yake ni Mombo; kumbe Laurenti alizipa swichi zake majina ya vituo vya njiani. Akaingia Mombo, akamkuta Mazinde. Mazinde ndiko Zamda alikozaliwa. Akajiona ndani ya basi kutoka Korogwe, mkonge ukirudi nyuma safu kwa safu, milima kuliani, usingizi ukimnyemelea.

Kwa Mazinde likatokea jina la mwisho: Mkumbara, dari ya dobi. Likafutika. Likatokea tena, likafutika: hapo ndipo mawasiliano yalipokuwa yakikatika.

Zamda akamsimulia mama Elina. Yule mama akaeleza kwamba Mkumbara ni kwao, na kwamba Laurenti alipokuwa akimchumbia aliifuata njia hiyo kila mwisho wa mwezi.

Wakaenda kwenye chumba cha dobi. Mama Elina akashika ngazi, Zamda akapanda darini. Swichi ilikuwa hai, imefunikwa vumbi, kichwa cha waya kimeliwa na kutu. Akakikata, akafunga kipya. Kabla hajashuka, maabara wakapiga simu: majibu yanafika.

Zamda akasema mafundi wa siku hizi huzipa swichi namba, na kwamba mama akitaka atayabadilisha majina. Mama Elina akauliza kama kile chombo cha darini bado kinajitaja.

"Kila nusu dakika, mama."

"Basi kiache, mwanangu. Nionyeshe."

Wakakaa kwenye benchi la dobi, kompyuta magotini. Mkumbara akajitaja. Mama Elina akaomba wangoje tena.