Kesi ya Moshi Sokoni Burma

Jumamosi nilikuwa nimeegemea kaunta ya bucha moja pale Burma, nikisubiri mbavu zangu ziive, kachumbari yangu ikiwa tayari kando, mwenye saluni ya jirani alipoingia na wakili wake. Nyuma yao alifuata mteja wa saluni, rola zikiwa bado kichwani.

"Huu moshi unaniulia biashara!" mama saluni alifoka, akilinyooshea kidole jiko la kuchomea nyama. "Naosha nywele vizuri, halafu mteja anatoka kwangu akinuka mbuzi. Usipohamisha hili jiko, tutaonana kortini!"

Mwenye bucha alishika kisu. Mtu akisimama kwenye kaunta yake, mkono wake huenda wenyewe: alikata vipande vitatu vya nyama moto, akavisukuma mbele yao pamoja na chumvi. Hicho ni kionjo, na Burma hakuna anayeulizwa kama anakitaka. Mama saluni akaokota chake bila kukitazama, akaendelea kufoka huku akitafuna.

Wakili alipangusa vidole, akamgeukia mteja. "Dada, wewe ndiwe shahidi wetu. Moshi huu unakuathiri vipi?"

Dada alimeza kwanza. "Nikikaa kwa draya, nasikia njaa tu."

Mama saluni alimkata jicho. Kisha akamrudia mwenye bucha kwa ukali ule ule: "Na kachumbari iko wapi?"

Sijui kesi itaishia wapi. Lakini nikiitwa kizimbani nitaapa kusema ukweli: kachumbari ilikuwa yangu, na mlalamishi ndiye aliyeimaliza.