Ngoma Zilizolipiwa na Mgodi

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, lori liliposimama kando ya uwanja wetu wa ngoma kule Kishapu, nami bado ni binti wa kuchota maji. Umeniambia kuna watu wanaotoa misaada midogo kwa vijana wanaoanza sanaa, na kwamba umeomba. Nimefurahi. Lakini keti kwanza nikusimulie habari za kaka yangu Masanja.

Masanja alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa kikundi cha ngoma. Alikuwa kijana mbichi, lakini akianza kuimba, hata wazee waliokuwa wamenuniana walisogea kumsikiliza. Shida yake ilikuwa vifaa. Mwaka ule mvua ziligoma, pamba ikakauka shambani, ng'ombe wakakonda, na ngozi za ngoma zake zilikuwa zimechanika. Msimu wa mashindano ukakaribia, naye hana wa kumshika mkono.

Aliyeshuka kwenye lori alikuwa karani wa mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, akitafuta vibarua. Alimsikia Masanja, akamwita pembeni. Akamwahidi ngozi mpya, mashuka ya kuchezea kwa kikundi kizima, na gunia la unga juu yake. Alichotaka ni wimbo mmoja tu, wa kuusifu mgodi.

Baba alipopata habari alimwuliza, "Huko mgodini umefika?"

"Sijafika, baba."

"Sasa utaimba nini?"

"Wimbo ni wimbo tu, baba. Nikikataa, ngoma nitaziwamba kwa ngozi gani?"

Nami simlaumu kaka, mwanangu. Mwenye kipaji na mikono mitupu, mtu wa kwanza kumthamini humwona kama ametumwa na Mungu.

Wimbo ulitoka mtamu, na hiyo ndiyo balaa yenyewe. Ulisema huko ardhi inalisha watu bila kungoja mvua, na kijana akirudi anarudi na mahari. Watoto waliuimba malishoni. Mimi niliuimba kisimani. Lori liliporudi, vijana walilipanda wakiuimba, na mmoja wao alikuwa Luhende, mpiga ngoma wa kaka, mtoto wa pekee wa jirani yetu.

Kabla mashindano hayajaanza, shimo la mgodini liliporomoka. Habari tuliletewa na kibarua aliyekuwa akirejea kwao. Luhende hakutolewa. Wenye mgodi walilifukia shimo, wakaenda kuchimba kwingine.

Mama Luhende alikuja kwetu asubuhi. Tulimpa kigoda, hakukaa. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alimwambia kaka, "Masanja, mwanangu hakuujua mgodi. Alikujua wewe."

Mashindanoni kaka hakwenda. Wenzake walikuja kumbembeleza, wakachoka. Alijaribu kumtungia Luhende wimbo wa maombolezo; nilikuwa nikimsikia nyuma ya zizi akianza, anafika mstari wa kwanza, anaacha. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaoa, akalima, akawazika wazazi wetu. Kuimba hakuimba tena, hata siku ya harusi yangu, nilipomwomba kwa machozi.

Basi, mwanangu, sikwambii ukatae msaada. Kipaji kisicho na vifaa nacho hufa, tena hakuna anayekilia. Ila kabla hujapokea, muulize anayekupa anataka useme nini. Ukiambiwa usifu mahali, nenda kwanza ukapaone kwa macho yako, uongee na wanaoishi hapo. Ukiona jambo hilo usingewaambia watu kama hujalipwa, liache, hata kama utalala njaa. Maana watu hawamjui mfadhili wako. Wanakuamini wewe, na wakiumia, mlango watakaobisha ni wako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wa kukusaidia asiyetaka kuununua ulimi wako, na sauti yako ikuzeekee kifuani, usije ukaizika ungali hai.