Mnavu Kwenye Kinyungu cha Mama

Ukishika jani la nyanya lenye mdudu wa kantangaze ukaliinua juani, unamwona ndani. Jani lina ngozi mbili, ya juu na ya chini, naye yuko katikati, mdogo kuliko punje ya mchele, kichwa cheusi, anakula huku anasogea. Alikopita panabaki doa jeupe, kama karatasi iliyodondokewa na mafuta. Unaweza kumpulizia dawa mpaka mikono ikuwashe. Yeye yuko ndani ya nyumba yake na mlango ameufunga.

Nilikuwa nimesimama hivyo, jani mkononi, asubuhi ya kwanza baada ya kurudi Iringa, na dada yangu alikuwa nyuma yangu na bomba la kupulizia mgongoni. Alikuwa amenipigia simu Ilomba, kule Mbeya, nilikopanga chumba. Hakupiga kunisalimia. Baba mdogo, ambaye ndiye anayesimamia ardhi ya ukoo tangu baba yetu afariki, alikuwa amesema mbele ya ndugu kwamba nyanya zikishindikana tena msimu huu, kile kinyungu atakipanda milingoti.

Kinyungu ni shamba la bondeni, kando ya kijito, ambalo watu wa kwetu wanalilima kiangazi wakati milima yote imekauka. Hiki chetu alikilima mama, na baada yake dada. Milingoti ni ile miti mirefu ya nguzo ambayo siku hizi imepanda kila kilima. Haihitaji kupaliliwa wala kupuliziwa, na mwenye nayo anaweza kukaa mjini akasubiri tu. Ikishaingia bondeni hairudishi shamba kwa mtu, na kijito kinaanza kupungua. Dada alilijua hilo. Na mimi nililijua, ndiyo maana nilipanda basi.

Nimehamahama sana. Nimebeba magunia kwenye mashine za mpunga Ubaruku, nimeuza mitumba Mbeya, nimekuwa utingo wa lori la viazi, na kila mahali nimeondoka kabla sijazoeleka. Lakini kila nilipolala mahali pageni, nilichokiona nikifumba macho kilikuwa kinyungu. Hata Ubaruku, kwenye majaruba, nilipowaona kereng'ende wakizunguka juu ya mpunga kuwinda vipepeo wadogo, nilifikiria mabuibui ya mama. Nyanya za mama zilikuwa na mabuibui kila mche. Aliyapangusa kwa kiganja taratibu, kama anayemwambia mtoto apishe njia, akachuma nyanya akanipa na chumvi kidogo kwenye jani. Zilikuwa nyanya mbaya kwa sura, zenye mabonde na mipasuko. Sikumbuki hata moja iliyokuwa na tundu.

Asubuhi ile nilitafuta buibui mstari hadi mstari. Sikumpata hata mmoja upande wa njiani, ambako dada alikuwa anapulizia zaidi. Alikuwa anachanganya dawa za chupa tofauti katika bomba moja, kwa maelekezo ya muuza duka la pembejeo ambaye alikuwa anamtumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Dawa moja ikishindwa, anaambiwa aongeze nyingine. Nilimwambia dada kwamba anaua kila kitu isipokuwa yule anayemtafuta. Akasema kama nina dawa yangu niitoe.

Sikuwa na dawa. Nilikuwa na macho tu, na muda. Upande wa pili, karibu na kijito, kulikuwa na kibanda cha nyasi tulichoweka matenga na majembe, na chini ya paa lake nyigu walikuwa wamejenga. Nilikaa pale nikawatazama. Nyigu mmoja alitua kwenye jani la nyanya, akatembea juu yake akiligusagusa kwa vipapasio, akasimama juu ya doa jeupe, akaanza kulichana. Alilichana mpaka akafungua dirisha dogo, akamvuta mdudu nje, akamtafuna akawa kama kidonge cha kijani, akaruka naye kwenda kibandani kulisha watoto wake. Kidogo tu akaja mwingine. Nilifurahi peke yangu kama mjinga. Nilimwita dada aje aone. Alipofika, nyigu walikuwa wameondoka, akaniuliza kama nimemwita aje aone jani lililochanika.

Halafu nikaona mnavu.

Mnavu nimekula tangu nipate meno, na ndiyo sababu sikuwa nimeuangalia. Kwetu hakuna anayeupanda. Unajiotea wenyewe, na mwanamke anayepalilia akiufikia, jembe linazunguka. Magugu mengine yanakatwa, mnavu unaachwa umesimama hata katikati ya tuta. Mama alifanya hivyo, dada anafanya hivyo, na sijawahi kusikia mtu akieleza kwa nini, kama ambavyo hakuna anayeeleza kwa nini mgeni anakaribishwa kiti. Kinyungu chote kilikuwa na mnavu, mnene kabisa upande wa njiani. Ukilitazama ua lake jeupe lenye ncha ya njano katikati, unajua ni ndugu wa nyanya. Niliinua jani juani. Doa jeupe, na ndani yake kichwa cheusi. Nikachuma jingine, na jingine.

Nilimwonyesha dada. Safari hii mdudu hakukimbia.

"Hapa ndipo wanapokaa," nikasema. "Wewe unapulizia nyanya, wao wanazaliana huku, kisha wanarudi."

Alilitazama jani muda mrefu. Akasema basi atapulizia na mnavu.

"Halafu utaula?"

Nikasema tuung'oe wote, leo hii, tuuchome.

"Tuung'oe," akarudia, taratibu, kama anayeonja chumvi. "Sikiliza, mdogo wangu. Nyanya zinaingia kwenye tenga, zinapanda gari, zinaondoka. Mnavu ndio unaobaki kwenye sufuria. Wewe utaung'oa leo, keshokutwa umepanda basi umerudi Mbeya. Mimi watu wa nyumba hii nitawapikia nini?"

Nilikasirika, zaidi kwa sababu hakukuwa na neno la uongo hapo ndani. Tuliachana bila kuagana, yeye akaenda na bomba lake, mimi nikakaa kibandani na nyigu.

Jioni, wakati wa kula, nilimwambia wazo jingine. Tusiung'oe, tuule. Tuwaite wanawake wa jirani waje kuchuma wote mpaka ubaki mashina, na ukichipua waje tena, ili kila yai na kila mdudu aondoke na majani kabla hajawa kipepeo. Dada alitafuna kidogo akasema hilo linawezekana. Ilikuwa mboga ile ile tuliyokuwa tunaila.

Walikuja Jumamosi, kwa kuwa Jumapili baada ya kanisa nyumba nyingi zina wageni. Wanawake wanane au tisa, vikapu na ndoo, maneno mengi. Niliridhika. Nilisimama pembeni nikitazama mikono yao inavyokwenda haraka, ukucha wa kidole gumba ukikata kichwa cha mnavu, jicho likikipitia, mkono ukitupa kikapuni. Ilinichukua muda kuona kwamba kila mkono ulikuwa unatupa sehemu mbili. Jani safi kikapuni. Jani lenye doa chini, palepale, kwenye mguu wa nyanya.

Walikuwa wanachambua, kama mwanamke yeyote wa kwetu anavyochambua mboga, na wamefundishwa wachambue shambani ili uchafu usifike jikoni. Nilitazama chini. Udongo ulikuwa umejaa majani yenye madoa, mabichi bado, na wadudu ndani yake wakiendelea kula. Jani likianza kunyauka watatoka, na nyanya iko hapo hapo. Tulikuwa tumewaita watu waje kutusaidia kuwahamisha wadudu kutoka mnavuni kwenda kwenye nyanya.

Nikawaomba wayatie majani mabaya kwenye mifuko. Mama mmoja mzee, rafiki wa mama yetu, aliinuka akashika kiuno.

"Mwanangu, huko Mbeya mnakula jani lenye mdudu?"

Nikasema hapana mama, si ya kula, ni ya kukusanya tu.

"Kwa hiyo turudi na mfuko wa mboga na mfuko wa wadudu. Wageni wakija kesho tuwaulize wanataka upi."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Dada naye alicheka, mara ya kwanza tangu nifike, na hilo likanizuia kusema nililotaka kusema. Niliinama nikaanza kuokota mwenyewe nyuma yao, kama kuku anayefuata jembe. Nilijaza mifuko, nikaifunga, nikaiweka juu ya mwamba juani mpaka kila kilichokuwa ndani kikaiva. Jumamosi zilizofuata ilikuwa vilevile. Wao wanatupa, mimi naokota, wao wananiita Bwana Afya wa mnavu. Hakuna aliyetia jani hata moja mfukoni.

Hata hivyo, upande wa kibandani ulianza kubadilika. Nilikuwa nimemsihi dada asipulizie kule, akakubali kwa shingo upande, akasema ni kwa vile dawa ilikuwa inaelekea kuisha. Majani mapya yalitoka safi. Nikaona buibui mmoja, kisha wengine. Nyanya zikajaa na kuanza kubadilika rangi. Dada alikuwa akienda kule jioni anasimama tu, hagusi kitu. Upande wa njiani ulibaki umeungua kama umepitiwa na moto.

Baba mdogo alikuja kukagua, na njia aliyokuja nayo ni ile ya upande ulioungua. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, fimbo mkononi.

"Kamwene," alisalimia, tukaitikia. Nilimwongoza haraka kuelekea kibandani ili aone upande mzuri, nikimweleza habari za mnavu na nyigu na majani ya kuokota, maneno yakinikimbia mdomoni. Jua lilikuwa kali. Akaingia kibandani kutafuta kivuli, na fimbo yake ikagusa paa.

Nyigu alimuuma mdomo wa juu. Ulivimba palepale, mbele yetu, na yeye akaendelea kuongea kana kwamba hakuna kilichotokea, maneno yakitoka yamepinda. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Mnalima nyanya au mnafuga nyigu?"

Nikasema baba mdogo, hawa ndio wanaotulindia nyanya, wanakula wale wadudu, nikuonyeshe.

"Nimekuja kuona nyanya. Sikuja kuonyeshwa wadudu."

Aliondoka ameshika mdomo. Dada alinitazama, na sikuweza kujua kama anataka kulia au kucheka.

Jumapili, tukiwa kanisani, baba mdogo alimtuma mtu na mwenge wa nyasi. Tuliporudi, paa la kibanda lilikuwa jeusi upande mmoja, na sega la nyigu liko chini, limekunjamana kama karatasi iliyoungua. Nilimfuata nyumbani kwake. Alinipokea vizuri, akaagiza niletewe chai, mdomo bado umevimba kidogo. Alisema alikuwa anatusaidia. Dada yangu angeumwa nyigu akiwa peke yake kule bondeni, nani angemsikia? Alisema hivyo kwa huruma ya kweli. Nikanywa chai nikaondoka.

Siwezi kuapa kwamba ni kukosa nyigu tu. Joto nalo lilikuwa limeshaingia, na kantangaze anapenda joto. Ninachojua ni kwamba madoa meupe yalirudi upande wa kibandani, machache, kisha mengi, kisha nikaona tundu la kwanza kwenye nyanya yenyewe, pale kikonyo kinaposhikilia. Dada alivaa bomba. Sikumzuia. Tulichuma matenga machache, mengine tukayamwaga kwenye shimo tukafukia.

Baba mdogo alikuja tena, akachukua nyanya moja, akaigeuzageuza mpaka akalipata tundu, akaiweka juu ya nguzo ya kibanda. Dada alimwomba abakishiwe hata ukanda wa kando ya kijito. Alisema milingoti inakunywa maji, kijito kitakauka.

"Nyanya hazinywi?" akamjibu. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akamwambia miche ikiwa bado midogo anaweza kuendelea kuchuma mnavu.

Vibarua walipanda milingoti mvua za kwanza ziliponyesha. Siku moja kabla ya kurudi Mbeya nilishuka bondeni na dada. Miche ilikuwa imesimama kwa mistari mpaka kwenye ukingo wa maji. Katikati ya mistari magugu yalikuwa yamekatwa vizuri, na mnavu ulikuwa umesimama, kila mmoja peke yake. Walioajiriwa kupanda miti walikuwa watu wa kwetu, na jembe lao lilikuwa limezunguka.

Dada aliinama akaanza kuchuma. Ukucha, jicho, kikapu. Jani lenye doa chini. Nilichuchumaa nyuma yake nikaanza kuokota, nikatoa mfuko mfukoni.

"Acha tu," akasema bila kugeuka. "Utamlindia nani?"

Nikabaki nimeshika jani moja. Niliinua mkono kuelekea jua. Ndani yake kichwa cheusi kilikuwa kinaendelea kula.