Subiri Kamera Mpya

Kazi yangu kwa miaka mingi hapa Tabora ilikuwa kupiga video kwenye sherehe ambazo mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Mwari anapofundwa, wanawake wakishajifungia ndani, wakavua mabaibui na kuanza kucheza, nani atawapiga picha? Wapiga video wa mjini wote walikuwa wanaume, na akina mama wa mtaa wetu wa Isevya si watu wa kuchezewa. Ndipo wakaniita mimi. Nilikuwa na kamera ya mkanda mdogo niliyoinunua ikiwa imeshatumika, taa moja ya kushika mkononi, na ulimi wa kumtoa nje shemeji yeyote aliyejifanya amepotea njia.

Sharti lao lilikuwa stara. Nikishakata na kuunga picha kwenye kompyuta, nachoma dividii moja tu, namkabidhi mama wa bibi harusi mkononi, kisha kwenye mkanda ule ule narekodi sherehe nyingine mpaka ya kwanza ifutike yote. Nakala hakuna. Wengine walinifuata mpaka nyumbani kuhakikisha, wakakaa kwenye kigoda wakinitazama. Ahadi hiyo sikuivunja hata mara moja, na nilijivunia sana, maana bila hiyo nisingepata kazi.

Mama yangu alikuwa kungwi, na si kungwi wa kuazima maneno. Alikuwa na wimbo mmoja mrefu wa kumtoa mwari, aliorithi kwa bibi yake, ambaye aliletwa Tabora akiwa mtoto wa mgongoni pamoja na watu wa Manyema waliokuja kwa miguu kutoka Kongo. Wimbo unaanzia Ujiji na kuja huku, kituo kwa kituo, na kila kituo kina wosia wake. Mkifika Uvinza, mwari anaambiwa habari ya chumvi, ile ya chunguni na ile ya mdomoni. Mkifika Malagarasi, anafundishwa namna ya kumwomba mtu akuvushe bila kujidhalilisha. Vinafuata vituo vingine vingi ambavyo majina yake sijawahi kuyaona kwenye ramani, mpaka msafara unaingia Tabora na mwari anakabidhiwa kwa mumewe. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, mengine Kimanyema, mengine Kinyamwezi, na palikuwa na mahali pa matusi ya kuvunja mbavu ambayo mama aliyaimba amekaza uso kama mwalimu wa hesabu.

Tatizo lilikuwa kamera. Wimbo ule huimbwa chumbani, madirisha yamefungwa, balbu moja juu, na kamera yangu ilikuwa haielewani na giza. Picha ilijaa chenga. Uso wa mama, ambao ulikuwa mweusi na mzuri na wenye vituko vyake, ulitokea kama uso wa mtu aliyesimama nyuma ya chandarua. Wateja hawakulalamika. Nyumba nyingi zilikuwa bado na tivii za chogo, zile nene za kizamani, na kwenye chogo kila mtu anafanana na jirani yake.

Aliyeniharibu ni fundi mmoja karibu na soko kuu, mtu mpole aliyekuwa akinitengenezea kamera. Siku moja aliniita ndani akaniwashia tivii bapa aliyoletewa kutoka Dar, akaweka picha za HD za harusi ya huko. Niliona mikono ya bibi harusi. Niliona hina ilipokolea na ilipofifia, na nyuzi za pindo la kanga, moja moja. Nikakaa chini. Tangu siku hiyo kila nilipotazama kazi yangu mwenyewe niliona chenga tu, na nikaapa kwamba mama yangu hataonekana hivyo mbele ya watu.

Basi nikaamua kununua. Fundi akasema subiri kwanza, huko duniani kuna aina mbili za diski mpya zinagombana, ukichukua itakayoshindwa utabaki nayo kama pambo. Nikasubiri. Moja ikashinda, lakini deki ya kuichezesha haikuwepo Tabora nzima, na mteja gani wa Puge au Sikonge angechukua diski isiyoingia kwenye deki yake? Nikasubiri deki zije. Fundi akasema sasa kuna kamera zisizotumia mkanda kabisa, zinatumia kadi, ngoja zishuke. Kila nilipoamua, kulikuwa na nyingine njiani. Na niseme kweli, kusubiri kulininogea. Nilikuwa hodari wa kueleza kamera nisiyokuwa nayo. Watu walinisikiliza, wakadhani nina elimu.

Katikati ya kusubiri huko ndipo mama aliponiomba. Tulikuwa uani tunachambua mchele, mchana, naye akasema bila kuniangalia kwamba anataka nimrekodi wimbo wote, mimi na yeye tu, mlango umefungwa, ili siku mjukuu wake akiolewa asije akafundwa na redio. Mjukuu mwenyewe, binti yangu, alikuwa bado yuko shule. Nikamwambia, "Subiri kamera mpya, mama."

"Sura yangu hii inataka kamera mpya ya nini?"

Nikamweleza habari ya chenga. Nikamwambia nataka aonekane alivyo, kila kunyanzi mahali pake. Akasema makunyanzi anayaona kwenye kioo bure, na tukacheka wote wawili, mambo yakaishia hapo.

Mara ya pili hakuomba. Ilikuwa baada ya Idi. Alivaa kanga mpya, akajitanda, akaja kukaa kwenye mkeka mbele yangu nikiwa nasafisha kamera. Nilielewa. Nikaweka mkanda, nikamlenga, akaanza Ujiji kwa sauti ya chini. Nikatazama kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Jua lilikuwa nyuma yake na uso wake ulikuwa doa tu. Ningeweza kumgeuza akae upande wa pili. Ningeweza kuburuta mkeka hatua tatu. Badala yake nikazima, nikamwambia, "Bado mama, haitoki vizuri." Akainuka, akaenda kubadilisha ile kanga. Hakuniambia neno la ukali, na hakuja kukaa mbele yangu tena.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikuwa mkaidi vile. Niliwarekodi mama za watu kila Jumamosi kwa kamera hiyo hiyo mbovu, wakifuta jasho, wakiwalisha wageni, wakilia kwa kumtoa binti. Sikumwambia hata mmoja asubiri. Nadhani kwa wengine nilikuwa nafanya kazi, na kwa mama nilitaka kujionyesha. Hilo limenichukua muda kulikubali.

Ile diski mpya iliyoshinda ugomvi sikuwahi kuiona Tabora kwa macho yangu. Tulitoka kwenye dividii tukarukia flashi, na watu wakaanza kutazama harusi zao kwenye simu. Chogo zikahamia vibarazani kushikilia ndoo. Hapo ndipo niliponunua kamera ya HD, wakati hakuna tena aliyebaki wa kuniambia subiri. Ilikuja kwa basi kutoka Dar imefungwa kwenye godoro la mtoto.

Mama alikuwa amepata kiharusi tangu mvua zilizopita. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja na maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, mengine hayakutoka kabisa. Hata hivyo nilikwenda na kamera chumbani kwake. Nilifungua dirisha, nikapanga mwanga vizuri kama fundi alivyonifundisha, nikamlenga. Kwenye kioo niliona kila kitu nilichokuwa nimekitaka: vinyweleo vya kope, kovu dogo la kidevu alilolipata akiwa msichana, makunyanzi kila moja mahali pake. Akanitazama, akatazama kamera. Alihangaika na neno muda mrefu, nami nikasubiri huku nimeshika kamera.

"Sasa?" akasema.

Akavuta kanga kwa mkono wake mzima, akajifunika uso. Nikazima. Nilitoka nikakaa jikoni, na nilikuwa nimeona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Aliishi mwaka mwingine na miezi michache. Picha yake ya mwisho niliyonayo ni hiyo, safi kabisa, ya mwanamke anayefunika uso.

Mwaka jana binti yangu alichumbiwa. Jambo la kwanza aliloniuliza, kabla hata ya habari za nguo, ni wimbo wa bibi. Nikajaribu kumwimbia. Ujiji naijua, Uvinza naijua, Malagarasi nilivuka kwa kubahatisha, kisha njia ikanipotea. Nikawaendea wanawake waliokuwa wakifuatana na mama kwenye shughuli zake. Waliobaki ni watatu. Wakanikaribisha, wakafurahi, wakaanza kuimba kwa furaha, na nikagundua kwamba wote wanajua kiitikio tu. Kazi yao ilikuwa kuitikia. Safari nzima alikuwa nayo mama peke yake.

Ndipo nikakumbuka Urambo. Kabla ya kuugua, mama aliitwa huko kumfunda binti wa mfanyabiashara mmoja wa tumbaku, nami nikaitwa kupiga video. Siku hiyo aliimba wimbo wote bila kuruka kituo. Nakumbuka kwa sababu mkono wangu ulikufa ganzi kwa kuinua kamera. Mkanda ulikuwa umefutika zamani, kama ahadi ilivyotaka, lakini dividii niliwachomea. Huko Urambo kulikuwa na diski moja. Sikulala vizuri mpaka nilipopata nafasi ya kwenda.

Nilikwenda kwa basi la asubuhi, nimepakata kompyuta ya zamani yenye mahali pa kuingiza diski. Tulipita mabani ya kukaushia tumbaku yakifuka moshi, na njia nzima nilikuwa nikiomba mambo madogo tu: isiwe imekwaruzika, isiwe imekanyagwa na mtoto.

Mama wa bibi harusi alikuwa amezeeka lakini alinijua mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa pole ya msiba na kunikalisha. Nilipomweleza shida yangu alikwenda chumbani, akarudi na diski ndani ya kipande cha kanga, haina hata mchubuko. Akaniambia hajaiazima kwa mtu. Kabla sijaiingiza akafunga mlango, akashusha pazia, akaniuliza kama nitazitoa picha za wale wanawake wengine nje ya nyumba hii. Nikamwahidi kwamba nitachukua sehemu ya mama yangu tu. Akaridhika, akasogeza kiti karibu yangu.

Chenga zilikuwa zile zile. Mwari alikuwa kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka, na mama yangu akaingia upande wa kulia amejifunga kanga kiunoni. Akafungua mdomo. Sauti ilikuwa nzima. Haikuwa na chenga hata moja, ilitoka kama yuko chumbani nasi, hata pumzi anayovuta kati ya mstari na mstari. Miaka yote niliyoilaumu kamera ile, sikuwahi kufikiria kwamba sauti ilikuwa inaingia vizuri. Akapita Ujiji. Akapita Uvinza, wanawake wakacheka habari ya chumvi. Akafika Malagarasi, akamwomba mtu wa mtumbwi, akainua mkono.

Zikaja sinia za pilau, na juu yake muziki wa kinanda.

Nikarudisha nyuma. Malagarasi, mkono, pilau. Nikasogeza mbele mpaka mwisho wa diski, nikitafuta. Palikuwa na zawadi, palikuwa na watu wakiagana. Nilikuwa naijua ile pilau. Niliiweka mimi, nyumbani kwangu, kwenye kompyuta, kwa sababu uso wa mama ulikuwa na chenga mno na niliona aibu watu wa Urambo wasije wakasema kamera yangu mbovu. Nilikata wimbo pale palipokuwa rahisi kukata, nikijiambia nitaupiga wote upya, vizuri, kamera mpya ikija. Kisha nikarekodi harusi nyingine juu ya ule mkanda. Na jambo lenyewe nikalisahau kabisa, kama mtu anavyosahau kazi ya siku moja.

Yule mama aliona nimeacha kutafuta.

"Sisi tulijua mkanda uliishia hapo," akasema. "Binti yangu alitaka kukupigia akuulize, nikamkataza. Nikamwambia asikutie aibu kwa kazi yako."

Ilikuwa rahisi kuitikia. Alikuwa ameniwekea uongo mdomoni tayari. Lakini nilimwambia kwamba mkanda haukuisha, mama aliimba mpaka Tabora, na wimbo wote nilikuwa nao nyumbani kwangu, nikaukata kwa mkono wangu kwa kuwa picha haikuwa nzuri. Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi. Hakukasirika. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Na alivyokuwa anaimba, hukumsikia?"

Nikamwambia sikumsikia. Nilikuwa naangalia picha.