Mguu wa Lulu

Jumuiya yao ya Gongo la Mboto ilipopanga safari ya siku moja kwenda Unguja, akina mama wenzake walizungumzia bahari, samaki wa Forodhani na Mji Mkongwe. Tekla aliuliza tu kama sare itakuwa kitenge au fulana. Hakumwambia mtu kwamba alikuwa anakwenda kumtafuta Lulu.

Lulu alikuwa mwanawe wa pekee. Alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda kama mpini wa mwamvuli, na kila alipobebwa aliunasisha mguu huo kiunoni mwa mama yake, asishuke hata akibembelezwa. "Kupe wangu," baba yake alikuwa akimtania. Homa ilimchukua akiwa darasa la tatu. Masika ya mwaka uliofuata maji yaliingia katika chumba walichopanga bondeni, yakaondoka na sanduku la picha. Tangu hapo Tekla aliukumbuka uso wa mtoto wake vipandevipande: leo nyusi, kesho kidevu.

Mumewe, Polikarpo, alikuwa mchongaji pale Mwenge. Yeye alichonga, Tekla akapiga msasa. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu walipotoka Newala. Sanduku lilipopotea, Polikarpo alichagua gogo la mpingo akachonga kinyago cha ujamaa, kile cha watu wanaobebana kutoka chini hadi juu. Ujamaa hubeba ukoo mzima. Wake ulibeba watu watatu: baba chini, mama mabegani mwake, na juu kabisa mtoto ambaye hakushika kitu kwa mikono. Alikuwa ameunasisha mguu wake uliopinda kiunoni mwa mama, basi. Tekla alikisugua kinyago hicho mpaka vidole vyake vikaujua uso ule mdogo kuliko macho.

Jumapili moja alirudi kutoka kanisani, hakukikuta.

"Nimempa Twalib, yule mwenye duka Unguja," Polikarpo alisema, akiendelea kunoa tezo yake.

"Kwa nini?"

"Kilikuwa kinanitazama nikila."

Hawakulizungumza tena, na sasa Polikarpo naye alikuwa kaburini.

Boti iliwafikisha chini ya mawingu mazito. Kando ya bandari ilitia nanga meli nyeupe ya watalii, ndefu kupita mtaa wao mzima. Kwanza walipelekwa shamba, huko kwenye mikarafuu na minazi, ambako kijani kilikuwa kingi hadi njia ilionekana kama imekopwa tu kutoka kwa miti na itarudishwa. Kijana mwongozaji aliwapa majani ya mdalasini wayafikiche. Mvua ikawanyeshea.

"Mama Lulu, nusa hii iliki, acha kununa," alisema Loveness, katibu wa jumuiya, Mchaga mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. "Umelipa nauli uje kununia huku?"

"Nanusa, mwenzangu."

"Unanusa kama mtu aliyepewa dawa."

Mchana waliingia mjini, wakaenda kusali kanisa la Minara Miwili. Wenzake walipopiga magoti, Tekla alitoka polepole kwa mlango wa nyuma. Alimuuliza muuza kahawa, kisha fundi cherehani, na huyo akamwonyesha duka la Twalib kwa kidole bila kuinua macho kwenye kazi yake.

Twalib alikuwa amenenepa na kuota mvi. "Karibu, bi mkubwa. Tazama kwa raha zako."

"Mie mke wa Polikarpo wa Mwenge."

Mkono wa Twalib ulikwenda kifuani. "Alaa! Shikamoo, mama. Nilisikia habari zake. Mungu ampe makao mema."

"Marahaba. Nimekuja kukiangalia kile kinyago chake cha watu watatu. Sitaki kukichukua, siwezi. Nataka kukiona."

Twalib alisita kidogo, kisha akainama chini ya meza ya vitambaa akakitoa, akakifuta vumbi kwa kiganja.

Tekla aliupapasa uso kwanza. Nyusi zilikuwapo. Kidevu kilikuwapo. Alisimama hapo muda mrefu, akirudia nyusi na kidevu, hadi Twalib akageuka kupanga kofia zilizokwisha kupangwa. Kisha vidole vikashuka, vikafika palipokuwa na mguu, vikasimama.

Mguu ulikuwa umenyooka. Ulining'inia sawasawa na mwenzake, haukugusa kiuno cha mama wala kitu chochote.

"Mguu wake uko wapi?"

"Wateja, mama. Kila anayekishika anasema kimevunjika, anakirudisha. Nikampa kijana mmoja akakata, akabandika mwingine. Kazi safi, haionekani."

"Na ule aliokata?"

"Sijui, mama. Takataka zile."

Tekla aliketi kwenye kigoda, akakipakata kinyago kama kitoto kilicholala, akaanza kuusugua mguu ule kwa pindo la kitenge chake. Weusi ukatoka. Ilikuwa kiwi ya viatu. Chini yake ukajitokeza mti mweupe, mwepesi, usio na jina.

"Unaniharibia, bi mkubwa," Twalib alisema taratibu.

"Naona." Aliendelea kusugua.

Watalii wa ile meli walikuwa wameingia, wamevaa makoti ya mvua. Mwanamke mmoja alikiona kinyago mapajani mwa Tekla, akatabasamu, akanyoosha mikono. Twalib alimtazama Tekla. Tekla akakiachia; duka halikuwa lake. Yule mgeni alikigeuza, akauona mguu mweupe, akaukwaruza kwa ukucha, akasema neno kwa mwenzake. Akakirudisha mezani, akachagua twiga.

Watalii walipoondoka Twalib alihesabu hasara yake kwa macho.

"Nikija tena nitakikuta?" Tekla aliuliza.

"Kwa namna hii ulivyokifanya?" Alikirudisha chini ya meza ya vitambaa. "Utakikuta, mama."

Jioni boti ilipanda na kushuka, na nusu ya jumuiya walikuwa wanatapika kwenye mifuko. Loveness alikaa kando ya Tekla, mikono yake bado inanukia karafuu, akaona doa jeusi kwenye pindo la sare.

"Mama Lulu, kitenge kipya hiki. Umekiingiza wapi?"

"Kiwi tu."

"Kiwi haitoki, mwenzangu."

"Najua," Tekla alisema, akalikunja pindo lile ndani ya kiganja, akalishika hivyo mpaka Dar.